Nafsi na Njeo Jukwaani: Uhawilishaji wa Filamu ya A Christmas Story kuwa Tamthilia ya Muziki

Ikisiri

Makala hii inachunguza namna filamu ya Kimarekani ya A Christmas Story (1983), ipendwayo sana katika msimu wa Krismasi, ilivyohawilishwa kuwa tamthilia ya muziki iliyofika Broadway mwaka 2012. Kwa kutumia dhana za nafsi, njeo na hali kama zinavyodhihirika katika kitenzi cha Kiswahili, makala inadai kwamba kazi kubwa ya wahawilishaji ilikuwa kugawa upya haki ya kusema "mimi". Katika filamu haki hiyo imeshikwa na sauti moja ya mtu mzima asiyeonekana. Jukwaani inagawanywa baina ya msimulizi, mtoto na wazazi wake. Mgawanyo huo una faida na hasara, na faida yake kubwa inaonekana katika nafasi anayopewa mama.

1.0 Utangulizi

Kazi ya sanaa inayorudiwa kila mwaka katika msimu wa sikukuu hupata hadhi ya pekee. Watazamaji hawaiendei ili wajue kitakachotokea, kwani wanakijua. Huiendea ili wayasikie tena maneno waliyoyazoea, mahali wanapoyatarajia, na kwa kiimbo kile kile. Nchini Marekani ziko filamu kadhaa za Krismasi zenye hadhi hiyo, na kwa miongo mingi zimekuwa zikihamishiwa jukwaani kwa njia ya tamthilia ya muziki, yaani mchezo ambamo mazungumzo, nyimbo na dansi hushirikiana kuujenga msuko mmoja.

Uhawilishaji, yaani uhamishaji wa kazi kutoka utanzu mmoja hadi mwingine, huzua tatizo gumu katika hali kama hii. Mhawilishaji akiyarudia maneno ya filamu kama yalivyo, atalaumiwa kwa kutoa nakala hafifu ya kitu ambacho mtazamaji anaweza kukiona akiwa nyumbani kwake. Akiyabadili, atalaumiwa kwa kuchezea kumbukumbu za watu. Mjadala wa kawaida hulikabili tatizo hili kwa kipimo cha uaminifu: je, tamthilia imeifuata filamu au haikuifuata? Linda Hutcheon, katika kitabu chake cha nadharia ya uhawilishaji kilichotoka mwaka 2006, ameonyesha udhaifu wa kipimo hicho, kwa kuwa kuhawilisha ni kurudia pasipo kunakili. Makala hii inaanzia kwenye hoja hiyo, kisha inaelekea kwenye isimu.

Roman Jakobson, katika insha yake ya mwaka 1959 kuhusu tafsiri, alibainisha aina tatu za tafsiri: ile ya ndani ya lugha moja, ile ya baina ya lugha mbili, na ile ya baina ya mifumo tofauti ya ishara. Kuitoa filamu kwenye picha na kuipeleka jukwaani ni tafsiri ya aina ya tatu. Mfasiri yeyote mzoefu anafahamu kwamba kujua kilichosemwa hakutoshi. Sharti ajue pia nani anasema, anasema lini, na anayatazama matukio akiwa amesimama wapi. Gérard Genette, mwaka 1972, alisisitiza umuhimu wa kutenganisha swali la nani anaona na swali la nani anasema. Tofauti hiyo ndiyo itakayoongoza mjadala huu.

Chombo cha uchanganuzi kitakachotumika ni kitenzi cha Kiswahili. Katika umbo kama nilitaka, kiambishi ni- humtambulisha msemaji, na -li- huliweka tendo nyuma ya wakati wa kusema. Mtu anayesema nilitaka ni wa sasa, ilhali anayetaka ni wa zamani, na wote wawili wamo ndani ya silabi moja, ni-. Haidaiwi hapa kwamba Kiingereza cha filamu kinaundwa kwa viambishi vya namna hii. Kinachodaiwa ni kwamba Kiswahili, kwa kuziweka wazi nafsi na njeo katika neno moja, kinampa mchambuzi istilahi nyepesi ya kueleza mambo ambayo picha na muziki huyatenda kimyakimya.

2.0 Njia Tatu za Uhawilishaji

Kabla ya kuingia katika mfano mkuu, yafaa kutofautisha njia tatu ambazo filamu za sikukuu zimepitia kufika jukwaani.

Njia ya kwanza ni ile ya filamu iliyokuwa na nyimbo tangu mwanzo. White Christmas, filamu ya mwaka 1954 iliyoongozwa na Michael Curtiz, ilijengwa juu ya nyimbo za Irving Berlin. Ilipohawilishwa na David Ives na Paul Blake, ikaonyeshwa mjini St. Louis mwaka 2000 na hatimaye Broadway mwaka 2008, wahawilishaji hawakuhitaji kutafuta mahali pa kuimba. Wahusika wakuu wa kisa hicho ni watumbuizaji, na kuimba ni sehemu ya kazi yao.

Njia ya pili ni ile ya filamu isiyo ya nyimbo, ambayo mtunzi mmoja huiandika upya kwa mtindo wake. Mfano ni Here's Love ya Meredith Willson, iliyotokana na filamu ya Miracle on 34th Street (1947). Ilifunguliwa Broadway Oktoba 1963 na kuonyeshwa mara 334. Katika njia hii mtunzi hulazimika kuamua ni wapi mazungumzo ya kawaida yatageuka kuwa wimbo, na kwa sababu gani.

Njia ya tatu, ambayo ni ngumu zaidi kwa mtazamo wa isimu, ni ile ya filamu yenye msimulizi. Hapa maneno mengi yanayopendwa na watazamaji hayasemwi na mhusika yeyote anayeonekana akitenda. Yanasemwa na sauti inayosimulia. Filamu ya Elf (2003) ina msimulizi, naye ni baba mlezi wa mhusika mkuu. Katika tamthilia ya muziki ya mwaka 2010 kazi hiyo alikabidhiwa Santa. Hata hivyo, msimulizi wa Elf husimulia habari za mtu mwingine, kwa nafsi ya tatu. A Christmas Story ni tofauti: msimulizi husimulia habari zake mwenyewe. Kwa sababu hiyo imeteuliwa kuwa mfano wa makala hii.

3.0 Filamu: Sauti ya -li- juu ya Picha ya -na-

A Christmas Story iliongozwa na Bob Clark na kutolewa Novemba 1983. Chanzo chake ni kitabu cha Jean Shepherd cha mwaka 1966, In God We Trust: All Others Pay Cash. Shepherd (1921–1999) alikuwa mtangazaji wa redio aliyesifika kwa kusimulia visa bila kusoma, akiongea moja kwa moja na wasikilizaji wake wa usiku jijini New York. Maandishi ya filamu yaliandikwa na Shepherd mwenyewe, Leigh Brown na Clark. Kwa hiyo filamu yenyewe ni uhawilishaji: kisa kilipita katika usimulizi wa mdomo na katika maandishi kabla ya kufika kwenye picha.

Kisa chenyewe ni chepesi. Ralphie Parker, mtoto wa miaka tisa katika mji wa kubuni wa Hohman, jimboni Indiana, yapata mwaka 1940, anatamani apewe zawadi ya Krismasi ya bunduki ya upepo aina ya Red Ryder. Kila mtu mzima anayemweleza haja yake, awe mama, mwalimu au hata Santa wa dukani, humjibu kwa onyo lile lile kwamba atajitoboa jicho. Kandokando ya haja hiyo kuna vituko vya nyumbani na mtaani: baba anayepigana na tanuru la kupasha nyumba joto, taa yenye umbo la mguu wa mwanamke aliyoipata kwa mashindano, mtoto mbabe anayewatesa wenzake, na mbwa wa jirani wanaokula bata mzinga wa sikukuu.

Filamu haikuvuma sana ilipotoka. Umaarufu wake ulikua kupitia televisheni na kanda za video, hasa baada ya mwaka 1997, ambapo stesheni ya TNT ilianza desturi ya kuionyesha kwa saa 24 mfululizo wakati wa Krismasi. Nyumba ya Cleveland, Ohio, iliyotumika kupigia picha za nje, ilifunguliwa kuwa makumbusho mwaka 2006. Mwaka 2012 filamu iliingizwa katika orodha ya taifa ya filamu zinazohifadhiwa na Maktaba ya Bunge la Marekani.

Kinachoibeba filamu hii ni sauti. Ralphie mtu mzima, kwa sauti ya Shepherd mwenyewe, husimulia tangu mwanzo hadi mwisho. Kwa istilahi za makala hii, sauti husema kwa -li- (nilitaka, niliogopa, nilikimbia) wakati picha inaonyesha -na- (anataka, anaogopa, anakimbia). Ucheshi wote wa filamu unaishi katika pengo lililopo baina ya viambishi hivyo viwili. Mtoto anapatwa na hofu kubwa. Sauti inaieleza hofu hiyo kwa maneno mazito kama ya utenzi wa vita. Na mtazamaji anacheka kwa sababu anaviona vyote viwili kwa pamoja, udogo wa tukio na ukubwa wa maneno.

Mfano mmoja unatosha. Ralphie anamsaidia baba yake kubadili gurudumu la gari usiku, anaangusha nati, na anaponyokwa na tusi. Neno linalosikika ni la kawaida kabisa, jina la kitamutamu. Mara moja sauti inaeleza kwamba neno alilolitamka hasa silo hilo. Hii ni tafsida ya aina yake: msimulizi wa sasa anaingia katika kinywa cha mtoto wa zamani na kulibadilisha neno, kisha anakiri kwamba amelibadilisha. Kitendo hiki kinawezekana kwa sababu ni- ya msimulizi na ni- ya mtoto ni moja, na mwenye sauti ana mamlaka juu ya kinywa cha yule aliyekuwa yeye.

Mtaalamu wa Kifaransa Michel Chion, katika kitabu chake cha mwaka 1982 kuhusu sauti katika sinema, ameeleza kwamba sauti isiyoonekana chanzo chake hupata nguvu ya pekee: huonekana kujua yote na kuwapo kila mahali. Filamu hii inaicheza kanuni hiyo kwa ujanja. Shepherd huonekana mara moja tu, dukani Higbee's, akiwa mtu asiye na jina anayemwonyesha Ralphie mwisho wa foleni ya kumwona Santa. Mtoto anapita pasipo kumtambua. Ndiyo mara pekee msimulizi na mtoto wanapokutana ana kwa ana, na wanakutana kama wageni.

4.0 Msimulizi Apewapo Mwili

Uhawilishaji wa jukwaani ulipitia hatua kadhaa. Mwaka 2000 ilitoka tamthilia ya Philip Grecian isiyo ya muziki. Tamthilia ya muziki, ambayo maandishi yake ni ya Joseph Robinette, ilionyeshwa kwanza Kansas City mwaka 2009 ikiwa na nyimbo za Scott Davenport Richards. Mwaka uliofuata, mjini Seattle, ilipewa nyimbo mpya za Benj Pasek na Justin Paul, na kwa nyimbo hizo ilifunguliwa Broadway katika ukumbi wa Lunt-Fontanne tarehe 19 Novemba 2012, chini ya uongozi wa John Rando. Peter Billingsley, aliyeigiza Ralphie katika filamu, alikuwa miongoni mwa watayarishaji. Mwaka 2013 iliteuliwa kugombea tuzo tatu za Tony, ikiwemo ya tamthilia bora ya muziki.

Uamuzi wa kwanza na mzito ulikuwa ni kumpa msimulizi mwili. Broadway alichezwa na Dan Lauria, na katika orodha ya wahusika hakuitwa Ralphie mtu mzima bali Jean Shepherd. Jina hilo lina uzito. Émile Benveniste alifundisha kwamba "mimi" haina maana nje ya tendo la kusema: "mimi" ni yule anayesema "mimi" katika usemi huo. Katika filamu sauti haina jina wala mwili unaotambulishwa, kwa hiyo hakuna kinachomzuia msikilizaji kuiunganisha moja kwa moja na mtoto anayemwona. Jukwaani yupo mtu mzima mwenye jina lake, Jean, na yupo mtoto mwenye jina lake, Ralphie, na bado yule wa kwanza anasema "mimi" kwa maana ya yule wa pili. Kiambishi kimoja sasa kinabeba miili miwili na majina mawili.

Kwa msomaji wa tamthilia za Kiswahili, msimulizi anayesimama jukwaani si jambo geni. Ebrahim Hussein, katika Jogoo Kijijini na Ngao ya Jadi (1976), aliutumia usimulizi kuwa msingi wa uigizaji wenyewe, na Penina Muhando katika Lina Ubani (1984) aliingiza utambaji wa hadithi ndani ya mchezo. Aidha, katika fasihi simulizi fanani huonekana wakati wote. Hadhira haisahau kwamba mtambaji ni mzee wa kijiji anayejulikana, hata anapotoa sauti ya sungura au ya zimwi. Mwili wake haupunguzi nguvu ya hadithi. Kinachotofautisha hali ya mtambaji na ya Jean jukwaani ni kwamba mtambaji huwabeba wahusika wote mwilini mwake, ilhali Jean anasimama kando ya mtoto mwingine ambaye naye ana kinywa chake.

Hapo ndipo njeo mbili zinapokutana uso kwa uso. Katika filamu -li- ilikuwa hewani na -na- ilikuwa kwenye picha. Jukwaani zote mbili zimo chini ya taa zile zile, mbele ya macho yale yale. Kila kinachosimuliwa na mtu mzima kinatokea wakati mtoto akiishi sasa yake. Matokeo yake ni kwamba usimulizi unapoteza sehemu ya mamlaka yake. Mtazamaji anaweza kuacha kumwangalia msimulizi na kumwangalia mtoto, au kinyume chake. Katika filamu hakuweza kuikwepa sauti.

5.0 Wimbo na Mgawanyo wa Hali

5.1 Mtoto: -ta- na -nge-

Msimulizi akiendelea kusema yote, mtoto jukwaani angekuwa mwanasesere tu. Wimbo ndio uliomwokoa. Katika tamthilia ya muziki, kwa kawaida, mhusika huimba pale maneno ya kawaida yanapokuwa hayatoshi kubeba haja yake, na wimbo wa awali wa mhusika mkuu hutangaza anachokitaka. Ralphie anapewa wimbo wa namna hiyo mapema, unaobeba jina kamili la bunduki anayoitamani. Haja iliyokuwa ikisimuliwa kwa nilitaka sasa inaimbwa kwa ninataka na nitapata. Mtoto anasema "mimi" kwa mara ya kwanza bila kupitia kwa mtu mzima.

Ni muhimu kuona kwamba wahawilishaji hawakutoboa mlango mpya. Filamu yenyewe ina ndoto za mchana ambamo Ralphie anawaokoa jamaa zake kutoka kwa majambazi, au mwalimu anaitukuza insha yake kwa alama zisizo na kifani. Ndoto hizo ziko katika -nge-, hali ya mambo ambayo yangekuwa. Katika picha zilitofautishwa na maisha ya kila siku kwa maleba na uigizaji uliotiwa chumvi. Jukwaani zikawa nyimbo na dansi kubwa, kama vile "Ralphie to the Rescue!", na tofauti baina ya -na- na -nge- ikawa tofauti baina ya kusema na kuimba. Kanuni inayojitokeza hapa ni kwamba wimbo hukaa salama pale ambapo chanzo kilikuwa tayari kimeacha uhalisi.

5.2 Baba: Kiimbo Bila Neno

Msimulizi wa filamu humwita baba yake kwa msemo wa Kiingereza ambao kwa tafsiri ya juujuu ni "mzee". Tafsiri hiyo inapotosha. Mzee katika Kiswahili ni neno la heshima, ilhali msemo ule una mazoea na utundu ndani yake. Lugha ya vijana wa mijini, kwa neno dingi, inaukaribia zaidi. Baba huyu hana jina katika filamu, na hasira zake hutoka kwa mfululizo wa sauti zisizo maneno ya lugha yoyote, ila zina mkazo na kiimbo cha matusi halisi. Mwigizaji Darren McGavin alithibitisha kwa njia hiyo jambo ambalo wanafonolojia wanalijua: kiimbo chaweza kubeba maana hata pasipo leksia.

Jukwaani baba anapewa nyimbo mbili za kujisifu, ya kwanza kuhusu kipaji chake cha mashindano na ya pili kuhusu taa aliyoshinda. Katika filamu mtazamaji alikiona kiburi hicho kwa jicho la mwana, kama kituko. Kinapoimbwa kwa nafsi ya kwanza, kinakuwa kiu ya mtu wa kipato cha kawaida aliyetaka dunia imtambue walau mara moja. Kicheko kinabaki, lakini chini yake sasa kuna huruma.

5.3 Mama: hu- Inayopata Msemaji

Badiliko kubwa zaidi limo katika mama. Katika filamu mama, aliyechezwa na Melinda Dillon, ni nguzo ya nyumba. Ndiye anayemshawishi mtoto mdogo ale. Ndiye anayemtajia baba jibu la swali la mashindano wakati baba akijiita bingwa. Yote hayo yanaonekana, ila hayasemwi. Kazi yake ni ya hali ya mazoea, hu-: mama hupika, mama huamsha, mama hupatanisha. Kiambishi hu- kina sifa ya pekee katika sarufi ya Kiswahili: hakipokei kiambishi cha nafsi. Husemwa hupika, na msikilizaji hutegemea muktadha kujua ni nani. Sifa hiyo ya kisarufi inaichora vizuri hali ya mama wa filamu. Tendo lipo kila siku, ila mtendaji wake hatajwi.

Pasek na Paul walimpa mama nyimbo mbili. Ya kwanza, "What a Mother Does", inahusu kazi zake zisizokwisha, na kwa jina lake tu iko katika hu-. Ya pili, "Just Like That", inakuja baada ya Ralphie kumpiga yule mbabe aliyemwonea kwa muda mrefu na kuchukuliwa na mama yake akiwa analia. Katika filamu tukio hili linaishia mezani: baba anauliza, mama anageuza mazungumzo kuelekea mambo mengine, na mtoto anang'amua kwamba hataadhibiwa. Sauti ya mtu mzima inaeleza kwamba tangu hapo mambo kati yake na mama yake yalibadilika. Tukio zuri mno hilo, lakini maana yake imetolewa na mwana kwa -li-, miaka mingi baadaye. Alichokiwaza mama wakati ule hakikujulikana.

Wimbo unaliweka wazo hilo katika kinywa chake, pale pale, kwa njeo ya sasa. Mama anaimba kuhusu namna jambo, liwe chungu au tamu, linavyopita upesi. Anayejua kwamba utoto unapita si msimulizi peke yake tena. Mama naye alijua, na alijua mapema zaidi, wakati mtoto angali mikononi mwake. Hekima ambayo filamu iliimilikisha kwa mwana aliyekwisha kukua, tamthilia inairudisha kwa yule aliyekuwa nayo kwanza. Uhawilishaji katika nukta hii umefanya zaidi ya kuifuata filamu. Umeisoma upya na kulijaza pengo ambalo usimulizi wa nafsi moja uliliacha.

6.0 Kinachopotea

Haitakuwa haki kutaja faida pasipo hasara. Hasara ya kwanza ni ya kinaya. Kicheko cha filamu kilitegemea kwamba mtoto hajui jinsi mtu mzima anavyomsimulia. Mtoto anayesimama jukwaani na kuimba haja yake kwa ufasaha, kwa vina vilivyopangika na okestra nyuma yake, si mnyonge wa maneno tena. Ufasaha uliokuwa wa msimulizi peke yake sasa ni wa kila mtu, na pengo baina ya udogo wa tukio na ukubwa wa maneno linapungua.

Hasara ya pili inahusu takriri. Onyo la kutoboka jicho katika filamu limetawanywa. Linatoka kwa mama, likasahaulika, likaibuka kwa mwalimu, likasahaulika tena, kisha likatoka kwa Santa wakati mtoto akidhani amefika kwenye tumaini la mwisho. Nguvu yake inatokana na umbali uliopo kati ya marudio. Katika tamthilia onyo hilo, pamoja na kubaki katika mazungumzo, limekusanywa katika wimbo mmoja mkubwa unaoongozwa na mwalimu kwa dansi ya viatu vya kugonga. Tukio linashangiliwa, na kwa haki. Lakini takriri iliyokusanywa haifanyi kazi ile ile ya takriri iliyotawanywa: ya kwanza husherehekea kauli ambayo hadhira inaijua, ya pili humwandama mhusika.

Hasara ya tatu ni ya ile sauti isiyo na mwili. Jaribio la kuirudisha kazi mbele ya kamera linaonyesha uzito wake. Tarehe 17 Desemba 2017 televisheni ya Fox ilirusha moja kwa moja toleo lililotokana na tamthilia hii, Matthew Broderick akiwa msimulizi. Ingawa kamera ingemruhusu msimulizi abaki sauti tu, Broderick alionekana ndani ya mandhari, karibu na wahusika. Baada ya kupewa mwili jukwaani, sauti haikurudi kirahisi kuwa hewa.

7.0 Hitimisho

Mjadala huu umeonyesha kwamba kuhamisha filamu ipendwayo hadi jukwaani ni suala la nafsi na njeo kabla halijawa suala la nyimbo. Filamu ya A Christmas Story iliweka -li- ya mtu mzima juu ya -na- ya picha, na ikamkabidhi msimulizi mmoja haki yote ya kusema "mimi". Tamthilia ya muziki ilimpa msimulizi mwili na jina, ikampa mtoto -ta- na -nge- zake, ikamwachia baba aeleze kiburi chake mwenyewe, na ikamtafutia msemaji yule aliyeishi katika hu- isiyo na nafsi.

Kwa mintarafu hii, kipimo cha uaminifu hakitoshi kuihukumu kazi ya namna hii. Tamthilia yaweza kuyahifadhi maneno yote ya filamu na bado ikawa imebadilika kabisa, endapo anayeyasema maneno hayo amebadilika. Yaweza pia kuongeza maneno mengi mapya na bado ikawa imeitendea filamu haki, endapo maneno hayo yametoka mahali ambapo chanzo kilikuwa kimya. Swali linalofaa kuulizwa na mhakiki, na kwa hakika na yeyote anayekusudia kuhawilisha kisa cha filamu au cha redio kwa jukwaa la Kiswahili, ni hili: ni nani katika kisa hiki anayetenda kila siku bila kupewa nafasi ya kusema, na je, jukwaa litampa? Katika mfano uliochunguzwa, mtu huyo alikuwepo jikoni tangu mwaka 1983. Ilichukua miaka 27, hadi nyimbo za Seattle, aimbe.